Kipozamafuta Kinapovuja, Nyumba Nzima Huvuja

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutajwa zaidi panapozungumzwa nyumba za udongo, lakini ni mahali pachache inapotimia upesi kama ndani ya injini ya gari. Ufa mwembamba kama unywele, uliomo katika chombo kisichoonekana bila ya kufungua bolti kadhaa, waweza kula katika miezi michache akiba ambayo baba na mama waliikusanya kwa miaka mingi. Chombo hicho ni kipozamafuta, ambacho mafundi wa gereji hukiita "oili kula". Wenye magari wengi huijua rejeta, huijua betri, huijua hata pampu ya dizeli. Lakini kipozamafuta hawakijui mpaka siku kinapowatia hasarani.

Katika Kinama, upande wa kaskazini wa jiji la Bujumbura, gari la milimani si lazima liwe pambo la tajiri. Aghalabu ni chombo cha kazi, kilichonunuliwa kikiwa kimekwisha kutumika miaka mingi kwingineko, nacho hulisha watu wengi. Hupanda milimani na chumvi, sabuni na samaki wakavu, kisha hurudi na viazi, kabichi na ndizi. Jiji la Bujumbura liko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali Bugarama, iliyo umbali wa kilometa zipatazo 35 kwa Barabara ya Taifa Namba 1, iko juu ya mita 2,000. Gari lililojaa shehena huupanda mwinuko huo kwa gia ndogo, injini ikinguruma kwa muda mrefu na upepo wa kuipoza ukiwa haba. Hapo ndipo kipozamafuta hufanya kazi yake kubwa, na hapo ndipo kilichochoka hushindwa.

DAFTARI LA MAMA

Uchukuliwe mfano wa nyumba moja ya Kinama, ambayo hali yake ni hali ya nyumba nyingi. Baba huendesha Land Cruiser kuukuu yenye injini ya dizeli ya silinda sita, ile ya lita 4.2 iitwayo 1HZ, ambayo kampuni ya Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990 na ambayo imeenea sana katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mama ndiye mtunza hazina. Kila jioni huandika katika daftari la shule mapato ya safari, dizeli iliyonunuliwa, ujira wa mchukuzi, na kila lita ya mafuta ya injini.

Siku moja, alipokuwa akifunga hesabu za mwezi, mama aliona jambo lisilo la kawaida. Hapo zamani mafuta ya kuongeza yalinunuliwa kwa nadra mno. Mwezi ule yalinunuliwa lita moja kila juma, na juma la mwisho lita mbili.

"Baba watoto," aliuliza, "mafuta haya yote yanakwenda wapi, nawe wasema chini ya gari hakuna hata tone moja?"

Baba alijibu kwamba gari limekuwa kongwe, na gari kongwe lina kiu. Lakini swali lile lilimsumbua usiku kucha. Alfajiri, injini ikiwa bado baridi, alifungua kifuniko cha rejeta. Mahali pa maji safi alikuta utando mzito wa rangi ya udongo, unaoteleza kama siagi. Mafuta hayakupotea; yalikuwa yamehamia katika maji.

Somo la kwanza, basi, halikutoka gereji. Lilitoka katika daftari. Gari linalopunguza mafuta bila ya kudondosha chini na bila ya kutoa moshi wa samawati huwa linayapeleka mahali pengine, na mahali hapo pa kwanza pa kutazamwa ni ndani ya rejeta.

KAZI YA CHOMBO HIKI

Mafuta ya injini hayana kazi ya kulainisha peke yake. Hali kadhalika huchukua joto kutoka sehemu ambazo maji hayazifikii, kama vile chini ya pistoni na katika beringi za mtaimbo mkuu. Gari likiwa kazini, mafuta hayo hufikia joto la nyuzi 100 za Sentigredi na kupita. Yakizidi mno huwa mepesi kama maji, utando wake hukatika, na chuma huanza kusuguana na chuma. Tena mafuta yenye joto kali huchakaa mapema: wataalamu hukadiria kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya kuharibika kwake hukaribia maradufu.

Vipozamafuta ni vya namna mbili. Namna ya kwanza hupozwa kwa upepo, nayo ni kama rejeta ndogo iliyowekwa mbele ya gari na kuunganishwa na injini kwa mabomba mawili. Land Rover nyingi za dizeli zina kipoza cha jinsi hiyo. Kikivuja, mafuta hutoka nje na huonekana. Namna ya pili hupozwa kwa maji. Hiki ni bamba juu ya bamba, vyumba vyembamba vilivyounganishwa pamoja, nacho hukaa ubavuni mwa injini nyuma ya kifuniko cha chuma. Ndani ya mabamba hupita mafuta. Nje yake hupita maji ya rejeta. Ndicho kilichomo katika injini ya 1HZ. Kikivuja, hakidondoshi chochote chini. Mficha maradhi kilio humfichua, na chombo hiki ni mfichaji hodari.

MCHANA MAFUTA, USIKU MAJI

Yafaa ieleweke kwa nini mafuta huingia katika maji, wala si maji katika mafuta, kwani hapo ndipo penye ufunguo wa maradhi haya. Injini inapokwenda kasi, pampu huyasukuma mafuta kwa nguvu ya kilo mbili na nusu hadi tano, pengine zaidi, kwa kila sentimeta ya mraba. Maji ya rejeta hayavuki sana kilo moja, kwa sababu kifuniko cha rejeta hufunguka chenyewe na kuyaachia. Mwenye nguvu humsukuma mnyonge. Kukiwa na ufa, mafuta hupenya na kuingia katika maji.

Lakini injini inapozimwa mambo hugeuka. Pampu ya mafuta husimama na nguvu yake huwa si kitu, ilhali maji ya moto bado yamebanwa ndani ya rejeta kwa muda. Wakati huo maji ndiyo huweza kupenya na kuingia katika mafuta. Kwa hiyo, gari lenye ufa katika kipozamafuta hudhurika mara mbili: likiwa safarini hupoteza mafuta, na likiwa limelala hunywa maji.

Madhara ya pili ndiyo makubwa zaidi. Maji katika mafuta huyafanya yafanane na chai ya maziwa, na mchanganyiko huo haulindi beringi. Gari likisimama majuma kadhaa hali hiyo, kutu huota mahali palipostahili kung'aa kama kioo. Katika uhaba mkubwa wa mafuta ya gari uliolikumba jiji la Bujumbura mwaka 2024, magari mengi yalikaa siku nyingi bila ya kuwashwa. Gari zima halikudhurika sana kwa kukaa. Gari lenye ufa wa siri liliweza kudhurika likiwa limeegeshwa mlangoni pa mwenyewe.

HUKUMU YA HARAKA

Baba wa nyumba ile alilipeleka gari kwa fundi kijana wa karibu. Fundi alitazama rejeta mara moja tu, akatoa hukumu: gasketi ya silinda hedi imeungua, yapasa kichwa cha injini kifunguliwe, kikwanguliwe, na gasketi mpya itiwe. Gharama aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na akiba yote iliyowekwa kwa karo za watoto.

Mama aliomba wasubiri siku moja. Akamwita fundi mzee aliyewahi kutengeneza magari ya mizigo kwa miaka mingi. Yule mzee hakushika spana. Aliuliza maswali.

"Mzee mwenzangu," alisema, "asubuhi ukiliwasha latoa moshi mweupe?"

"Halitoi."

"Maji huchemka mlimani? Huyatapika?"

"La. Joto liko pale pale siku zote."

"Nguvu zimepungua? Silinda moja yakosa?"

"Nguvu ni zile zile."

Kisha alimwomba baba awashe injini ikiwa baridi na kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, akatazama. Maji yalizunguka polepole, bila ya povu la hewa kupanda. Akashika mpira wa juu wa rejeta, ulikuwa laini.

Kila swali lilikuwa na maana yake. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, aghalabu moshi wa mwako wenye nguvu nyingi huingia katika njia za maji: viputo hupanda katika rejeta tangu injini ingali baridi, mipira huwa migumu dakika chache baada ya kuwasha, maji hutapikwa, na silinda moja hudhoofu. Hapa hapakuwa na dalili hata moja kati ya hizo. Palikuwa na mafuta katika maji, basi. Dalili hiyo ikiwa peke yake, mshukiwa wa kwanza ni kipozamafuta. Gasketi yaweza kuwa na hatia kwa nadra, lakini mwenye busara humhoji kwanza yule ambaye kumfungua ni rahisi na gharama yake ni ndogo. Mwenye gari lenye gia za kujiendesha zenyewe na akumbuke pia kwamba mafuta ya gia hizo mara nyingi hupozwa ndani ya rejeta, na utando wenye wekundu waweza kutoka huko.

Ama kuhusu kipoza cha upepo, uchunguzi ni mwepesi zaidi. Sehemu yote huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, kisha hupakwa unga wa chaki. Injini huwashwa mpaka ipate joto, na mstari mweusi utakaotokea katika chaki utaonyesha mahali penye tundu. Bila ya kuosha kwanza, upepo wa safari huyarusha mafuta nyuma, na fundi hulaumu gasketi isiyo na kosa. Asili ya uvujaji hutafutwa mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa.

BESENI LA MAJI YA UVUGUVUGU

Kazi ilianza injini ikiwa imepoa kabisa, kwani kifuniko cha rejeta kikifunguliwa cha moto huweza kumwunguza mtu uso mzima. Maji yalimwagwa katika ndoo, mafuta katika debe. Vitu vilivyoziba njia vilifunguliwa kimoja kimoja. Fundi mzee alichukua kipande cha boksi, akachora juu yake umbo la kifuniko cha kipoza, akatoboa matundu, na kila bolti aliyoifungua akaichomeka mahali pake. Bolti hizo hazina urefu mmoja. Bolti ndefu ikitiwa katika tundu fupi hupasua chuma, na huo ndio mwanzo wa maradhi mapya.

Kipoza kilipotoka kilioshwa kwa dizeli na kukaushwa. Kwa macho kilikuwa kizima. Hapo ndipo mafundi wengi hukirudisha na kutafuta kosa kwingine. Fundi mzee alifunga tundu moja la mafuta kwa kipande cha mpira na bamba, akafunga katika tundu la pili vali ya tairi, akakizamisha kipoza katika beseni la maji ya uvuguvugu. Maji yawe na uvuguvugu kwa sababu ufa mwingine hujifumba ukiwa baridi na hujifumbua ukipata joto. Kisha akatia hewa kwa pampu ya mkono, kidogo kidogo, isizidi ile inayotiwa katika tairi la gari dogo, watoto wakiwa wamewekwa mbali.

Kwa muda hapakuonekana kitu. Halafu, katika maungio ya bamba la tatu na la nne, uzi wa viputo vidogo kama punje za ulezi ulianza kupanda juu. Baba, mama na fundi kijana, ambaye alikuwa amekuja kutazama, wote waliuona. Hapakuwa tena na ubishi.

Beseni lile lilikuwa la jikoni. Mama alilitenga siku ile ile liwe la gereji moja kwa moja, na alifanya vyema. Chombo kilichopokea mafuta ya injini kisirudi kupakuliwa chakula, hata kikioshwa mara saba.

KUTENGENEZA KWA HAKI

Uvujaji ukiwa katika gasketi au ringi za mpira tu, dawa ni gasketi na ringi mpya. Ukiwa katika mabamba yenyewe, dawa ya hakika ni kipoza kingine. Vipoza vya kale vya shaba viliweza kuzibwa kwa risasi na fundi wa rejeta. Lakini vya aluminiamu havishiki risasi ya kawaida, na kuvilehemu kwataka mitambo na ujuzi ambao si kila gereji inao.

Buyenzi, mtaa wa mafundi na vipuri mjini Bujumbura, hupatikana vipuri vipya na vilivyotumika. Baba alikipata kipoza kilichotumika. Kabla ya kulipa aliomba kipimwe katika maji mbele yake, kama kile cha kwanza kilivyopimwa. Huo si utovu wa adabu. Ni haki ya mnunuzi, na muuzaji mwaminifu hakasiriki. Gasketi na ringi, kwa upande mwingine, zilinunuliwa mpya. Kitu kilichokwisha kubanwa na kuiva kwa joto miaka mingi hakibani tena.

Nyuso mbili zinazokutana zilikwanguliwa kwa kipande cha mti mgumu, wala si kwa tindo au msasa mkali, huku matundu ya mafuta yakiwa yamezibwa kwa kitambaa safi ili uchafu usiingie. Bolti zilirudishwa kwa mkono kwanza, kisha zikakazwa kwa awamu, kutoka katikati kwenda pembeni na kwa kupishana, mpaka kufikia kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Mkazo wa nguvu za bega si kipimo.

Mafuta mapya na chujio jipya vilitiwa. Kabla ya kuwasha, dizeli ilizuiwa na injini ikazungushwa kwa staata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya mafuta ilipozimika, ili beringi zisianze kazi zikiwa kavu. Maadamu maji kidogo yalikuwa yamekwisha ingia katika mafuta ya zamani, mafuta haya mapya nayo yalibadilishwa baada ya siku chache tu. Mama aliona ni ubadhirifu. Fundi alimwonyesha ukungu mweupe chini ya kifuniko cha kutilia mafuta, naye akaandika gharama ile katika daftari bila ya neno.

KUOSHA NJIA ZA MAJI

Wengi hukomea hapo, na juma la pili huona tena mafuta katika rejeta, wakadhani kazi imeharibika. Yale ni mabaki. Njia za maji ziliyapokea mafuta kwa miezi mingi na haziyaachi kwa siku moja. Maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga isiyotoa povu jingi hutiwa, injini huendeshwa mpaka mpira wa chini wa rejeta upate joto, kisha huachwa ipoe na maji humwagwa. Hurudiwa mara tatu, mara nne, mpaka yatoke safi, na mwisho husuuzwa kwa maji matupu. Petroli na mafuta ya taa visitiwe kamwe. Huila mipira, na vyaweza kuwaka moto. Mpira wowote uliolainika na kuvimba kwa mafuta ubadilishwe, kwani utapasuka siku ya mlima.

Mwisho kabisa hutiwa maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta. Hapa pana kosa la nyumba nyingi. Husemwa kwamba dawa hiyo ni ya nchi za barafu, nayo Bujumbura haina barafu. Lakini dawa hiyo huzuia pia kutu na ulikaji wa metali, na huchelewesha kuchemka. Kwenye kimo cha Bugarama maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi zipatazo 93 badala ya 100. Zaidi ya hayo, maji matupu yaliyotiwa miaka nenda miaka rudi ni miongoni mwa mambo yanayokula mabamba ya kipozamafuta. Aliyeokoa bei ya dawa hulipa bei ya kipoza.

NJIA ZA MKATO

Zipo hila ambazo hupendekezwa kando ya barabara, nazo yafaa zijulikane ili zikataliwe. Ya kwanza ni dawa ya kuziba rejeta. Dawa hiyo haikutengenezwa kushindana na nguvu ya mafuta, nayo huweza kuziba njia nyembamba za maji zilizokuwa nzima. Ya pili ni gasketi iliyokatwa katika mpira wa baiskeli. Mpira wa asili huvimba na kulainika ukikutana na mafuta ya injini, na baada ya muda mfupi huwa kama ugali. Ya tatu ni gundi ya gasketi iliyopakwa kwa wingi kama siagi katika mkate; ile inayobanwa ndani hukatika na kwenda kuziba tundu la mafuta.

Ya nne hutumiwa kwa vipoza vya upepo: kukiacha kipoza na kuunganisha mabomba mawili kwa mpira mmoja. Jambo hili laweza kumfikisha nyumbani mtu aliyekwama, kwa mwendo wa polepole na bila ya mzigo, endapo mpira ni wa kustahimili mafuta ya moto na nguvu yake. Mpira wa maji ukitumiwa hupasuka, na mafuta yote humwagika kabla dereva hajatambua. Tena kufika nyumbani si kupona. Gari lililoondolewa kipoza lisipandishwe Bugarama na shehena.

MAFUTA MACHAFU NA ZIWA

Kazi ilipokwisha lilibaki debe la mafuta meusi na ndoo ya maji ya rejeta. Fundi kijana alikuwa tayari kuyamwaga mtaroni. Mama alimzuia, na alikuwa na sababu mbili.

Maji ya rejeta yenye dawa yana ladha tamu, na dawa nyingi za namna hiyo ni sumu kali kwa mtoto, mbuzi au mbwa anayeyalamba. Ndoo yake yapasa kufunikwa tangu dakika ya kwanza na kuwekwa mbali. Mafuta machafu nayo yana madhara kwa ngozi inayolowana nayo mara kwa mara. Mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa petroli.

Sababu ya pili ni ziwa. Mitaro ya Kinama haina pengine pa kupeleka maji yake isipokuwa bondeni, na bonde la Bujumbura huishia katika Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo hupakana na nchi nne, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Lina kina cha mita zipatazo 1,470, na ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Bujumbura hutoka humo. Anayemwaga mafuta mtaroni leo huyapeleka kwenye chanzo cha maji ya kunywa ya watoto wake. Mafuta hayo yatiwe katika dumu lenye kifuniko na kupelekwa gereji yenye pipa la kuyakusanya.

DAKIKA TATU ZA ASUBUHI

Gari lile lilirudi barabarani. Gharama yote, pamoja na mafuta yaliyotiwa mara mbili, haikufikia theluthi ya ile iliyotajwa kwa gasketi ya silinda hedi. Na lau gasketi ile ingetiwa, mafuta yangeendelea kuingia katika maji kama kawaida, na karo za watoto zingekuwa zimekwisha.

Tangu siku ile baba ana desturi mpya. Kila alfajiri, injini ikiwa baridi, huchomoa kijiti cha kupimia mafuta na kutazama kimo na rangi. Hufungua rejeta na kutazama kama maji yana utando. Huinama na kutazama chini ya gari. Akimaliza humwambia mama, naye huandika. Haizidi dakika tatu.

Fundi kijana naye alijifunza. Husemwa kwamba siku hizi, kabla ya kutoa hukumu, huuliza maswali, na pembeni mwa gereji yake limewekwa beseni kuukuu. Ufundi si wepesi wa kufungua. Ufundi ni kujua kipi kifunguliwe kwanza, na kumwonyesha mwenye mali, kwa macho yake mwenyewe, mahali viputo vinapotoka.